Kwa Konsolata, Aliyetakiwa Abaki Mgeni

Mpendwa Konsolata,

Wiki iliyopita alikuja bwana mmoja kutoka wilayani, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, akatukusanya pale ofisi ya kijiji kutusomea masharti ya kumwajiri mgeni kutoka nje ya nchi akae nyumbani kwako na kukutunzia mgonjwa. Awe ameingia nchini kihalali na kibali kiwe mkononi. Mwajiri aandike mkataba, aseme mshahara na siku ya kupumzika. Mgeni awe na chumba chake mwenyewe, chenye mlango unaofungwa. Apimwe na daktari. Apatikane mdhamini. Na mwajiri aeleze kwa nini kazi hiyo haiwezi kufanywa na Mtanzania. Watu walikuwa wanaguna, kila sharti na mguno wake. Mimi nikaangua kicheko peke yangu, na mume wangu Feliksi akanikanyaga mguu kama kawaida yake.

Nikanyoosha mkono. "Mwanangu, na mgonjwa mwenyewe anaulizwa lini?"

Yule kijana akafunua karatasi mbele, akafunua nyuma. "Hilo halimo, mama."

Nikamshukuru, nikakaa. Tangu siku hiyo nakuwaza asubuhi na jioni, na leo nimeona nikuandikie hadharani, ili na hao waliokuwa wanaguna wajue ulikuwa nani. Wewe haya unayajua, lakini wengi wao hawakuwepo, kwa hiyo nivumilie nikianzia mbali kidogo.

Ilikuwa baada ya vita vya Amin, ile miaka ambayo sabuni ilikuwa haionekani dukani, na mtu akibahatika kupata mche anaukata kwa uzi ili agawie majirani. Baba yake Feliksi, ambaye sote tulimwita Tata, aliamka asubuhi moja upande wake wa kulia umekufa. Mkewe alikuwa ametangulia zamani. Binti yake pekee alikuwa ameolewa Rugera na ana watoto wadogo. Alikuja kumuuguza akakaa mpaka mumewe akamfuata. Wakabaki wanaume wawili. Kulikuwa na mume wangu Feliksi, mwenye duka pale sokoni Nkwenda, na mdogo wake Jastini, mtu wa migomba na kahawa, aliyekwisha kupita umri wa kuulizwa ataoa lini. Halafu nikawepo mimi, mkamwana.

Na hapo ndipo penye kazi. Hapa kwa Wanyambo, na kule kwetu Muleba nilikozaliwa, mambo ni yale yale: mkamwana na baba mkwe wake wana ensoni, ile aibu ya heshima. Simshiki mkono. Siketi alipoketi. Nikikutana naye njiani napinda nipite migombani. Chumba anacholala siingii hata nyumba ikiwaka moto. Nilimpikia Tata miaka yote ile na sikuwahi kumwona akitafuna. Sasa mtu huyo amelala, anahitaji kugeuzwa, kuoshwa na kubadilishwa nguo, na mwanamke pekee wa nyumba ni yule asiyeweza kuvuka kizingiti.

Wanawe walimlisha na kumpangusa uso. Kwingine walishindwa. Mtoto kuuona utupu wa baba yake lilikuwa jambo ambalo hata hawakulijadili. Walitoka tu nje wakakaa kila mtu na upande wake. Tukamleta mwanamume wa kibarua, akadumu mpaka siku ya gulio, akaenda kunywa rubisi na hakurudi. Tukawaomba wanawake wa kijiji. Huyu ni mke wa mtoto wa kaka yake, yule ameolewa na ukoo, yule mwingine Tata ndiye aliyesimamia mahari yake. Wote wanamwita baba. Vidonda vya mgongoni vikaanza kunuka mpaka sebuleni, na mimi nikawa nalia jikoni, kwa sababu niliona wazi kwamba hatakufa kwa kiharusi. Atakufa kwa kukosa mikono.

Ndipo ukaja. Ulikuwa umetoka Burundi na watu wa kwenu, mkapitia Ngara kufuata vibarua vya kahawa, na akina mama wa kanisani wakatuambia kuna Mrundi mmoja aliyemuuguza mama yake mpaka mwisho, tena peke yake. Ulifika na kitenge kimoja mwilini na kingine begani. Ukaniamkia shikamoo ingawa tulikuwa marika, nikaipokea bila haya. Hukuomba hata maji ya kunywa.

"Amelala wapi?"

Nikakuonyesha mlango kwa kidole.

"Na wewe?"

"Mimi siingii."

Ukanitazama, ukatabasamu kidogo. "Basi kaa hapo hapo mlangoni, mama. Utanipa vitu."

Kuta za ndani za nyumba ile zilikuwa za matete yaliyokandikwa udongo, na hazikufika juu kwenye bati, kwa hiyo hapakuwa na sauti iliyoweza kujificha. Nilikusikia unamsalimia Tata. Ulimtajia jina lako, la baba yako na la kilima chenu. Kisha ukamwambia, "Mzee, mimi si mtu wa hapa. Sina wa kumsimulia. Sasa nakugusa bega, maji ni vuguvugu."

 Halafu Tata, ambaye hatukuwa tumelisikia neno lake tangu alipoanguka, akalia. Alilia kwa sauti kubwa mpaka Jastini akaja mbio kutoka shambani na panga mkononi. Nilimzuia mlangoni. Nilijua hakuwa analia kwa maumivu. Mwili ulinisisimka wote, Konsolata, na hata sasa ninapoandika unanisisimka. Kumbe mtu anaweza kumkuta mzee wa watu ameoza mgongo, akamgusa, na mzee akarudi kuwa mtu palepale.

Uliniagiza majani ya mgomba, mabichi, niyapitishe juu ya moto mpaka yalegee, nikupe yakiwa bado na joto. Ukamlaza juu yake. Kila ulilofanya ulimtangazia kwanza: sasa bega, sasa nyonga, sasa nakuvuta kwangu, vuta pumzi mzee, haya. Kila siku hivyo hivyo, hukuchoka kusema. Mimi nikawa mtu wa mlangoni, napokea beseni chafu, natoa beseni safi, macho nimeyageuzia nje kwenye kahawa kama mila inavyotaka. Vidonda vikaanza kufunga. Harufu ikaondoka sebuleni, ikarudi harufu ya katogo yangu, ndizi zilizopikwa na maharage.

Ofisi ikatuita. Mgeni akilala kijijini bila kuandikishwa, balozi wa nyumba kumi ndiye anayebanwa, na balozi wetu Mzee Bitegeko alikuwa mtu wa kuogopa kubanwa. Katibu kata akatusomea masharti, karibu yale yale niliyoyasikia wiki iliyopita, mpaka akafika pale pa kueleza kwa nini kazi isifanywe na mwananchi. Feliksi akamweleza habari ya ensoni. Katibu mwenyewe alikuwa Mhaya wa Bukoba, mtu ambaye akimwona mama mkwe wake sokoni anajificha nyuma ya magunia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ndugu yangu, ensoni naijua kuliko wewe," akasema. "Lakini kwenye fomu hii hakuna mahali pa ensoni. Leteni sababu, au mgeni arudi alikotoka."

Tulirudi nyumbani tumenywea. Njiani Mzee Bitegeko, kwa moyo mzuri kabisa, akatupatia dawa. "Mnajisumbua nini? Semeni ni mke wa Jastini. Mke wa mwananchi hahojiwi namna hii. Mambo yamekwisha."

Feliksi akafurahi. Mimi nikafurahi kuliko Feliksi. Tukamgeukia Jastini, naye akatazama migomba, akasema, "Kama itamsaidia Tata." Wewe uliangalia vidole vyako. Nilidhani unaogopa ofisi.

Ofisi ikaandika. Tatizo ni kwamba kijiji nacho kina masikio. Jastini ameoa! Yule aliyekwisha kusahauliwa! Kesho yake wanawake wakajaa uani na mikungu ya ndizi, vibuyu vya maziwa, senene wa kukaanga na rubisi ya wazee wao. Vigelegele vikapigwa mpaka kuku wakakimbilia shambani. Wakakuzungusha, wakakupima kiuno, wakakuuliza utaleta mjukuu lini. Kisha wakaenda wote dirishani kwa Tata kumpongeza kwa kupata mkamwana.

Hapo ndipo sisi tulipotazamana. Feliksi, Jastini, mimi na Mzee Bitegeko na ndevu zake, watu wazima tuliozaliwa na kukulia ndani ya mila hii, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameliwaza hilo. Tulikutafutia njia ya kukaa nyumbani, tukakufungia mlango wa chumba kile kile tulichokuitia.

Ulipoingia na beseni, nilisikia blanketi linavutwa. "Toka, mkamwana wangu. Toka, waitu, nakusihi." Ukamweleza taratibu kwamba ni uongo wa ofisini tu, kwamba hakuna kilichobadilika. "Ofisi imesema," Tata akakujibu kwa ulimi wake mzito. "Kijiji kimesema. Mimi ni nani niseme sivyo?"

Hakuoshwa siku ile. Hakuoshwa na iliyofuata. Chakula alichojua umekishika wewe hakukigusa. Ukawa unakaa jikoni kwangu mikono mitupu, na nikaona jinsi ilivyokuwa inahangaika, mara inapanga vikombe, mara inafuta meza iliyokwisha kufutwa. Jastini alijaribu kuingia na beseni, akasimama mlangoni mpaka maji yakapoa. Nilicheka kwa jambo lenyewe lilivyokuwa la kijinga, na palepale nikalia, maana harufu ilikuwa inarudi.

Siku moja asubuhi Tata akawaita wanawe. "Nibebeni."

"Wapi, Tata?"

"Kwa hao wanaoandika."

Wakamfungia machela ya miti na mkeka, vijana wa jirani wakasaidia, wakashika njia. Mimi nikafuata nyuma, mbali, kama inavyompasa mkamwana. Na wewe, kwa kuwa ofisi ilikuwa imekufanya mkamwana, ukaja nyuma yangu. Sijui watu walionaje msafara ule, mzee mbele hewani na wanawake wawili wanatembea kama wanaomfuata jumbe.

Walimshusha mbele ya meza ya Katibu. Sisi wawili tulibaki nje, tukisikiliza dirishani.

"Huyu mwanamke si mkwe wangu," Tata akasema. "Wanangu wamedanganya kwa ajili yangu. Kama kuna adhabu, niko hapa."

"Mzee, kwa uongo huu naweza kumrudisha kwao leo hii."

"Andika mgeni."

"Nikiandika mgeni, masharti yote yanarudi. Na lile la kwa nini si mwananchi."

"Liandike na hilo." Alipumzika, akavuta pumzi ndefu, akaendelea. "Wanawake wote wa hapa wananiita baba. Baba yako utamwosha? Mimi namtaka asiyeniita kitu. Mpeni chumba, mpeni haki yake, mpeni kila kilichomo humo kwenye karatasi zenu. Lakini abaki mgeni. Abaki mgeni mpaka nife."

 Nilichungulia, ingawa sikupaswa, nikamwona Katibu amevua miwani. Mimi nilikuwa nimeishi kwa ensoni maisha yangu yote nikiiona kama ukuta tu, jambo la kukuzuia. Siku ile nilimsikia mzee aliyepooza akiitetea mbele ya serikali, na wakati huo huo akidai haki ya kuguswa, na vyote viwili vikaingia katika sentensi moja. Niliogopa, kwa ule woga wa kanisani.

Katibu akaandika. Kisha akaita, "Konsolata!" nawe ukaingia. Akamwambia Tata akuulize mwenyewe.

"Unakubali?" Tata akauliza.

"Nakubali, mzee," ukajibu. Sauti yako ilikuwa ndogo kuliko nilivyoizoea.

Ikabaki kumpata mdhamini, na ilitakiwa asiwe mtu wa familia. Katibu akamtazama Mzee Bitegeko, aliyekuwa amejibanza pembeni. "Wewe uliyewashonea uongo, utaudhamini ukweli." Ofisi nzima ikacheka, na Mzee Bitegeko akaweka dole gumba.

Basi ukawa mgeni halali. Daktari wa misheni akakupima. Jastini akakujengea chumba kama sharti lilivyosema, akakata miti mwenyewe, akakandika mwenyewe, akakuwekea na dirisha linalotazama migomba. Kibali kilipokaribia kuisha ilibidi kwenda Kayanga kukiongeza, na kwa kuwa Feliksi hakuweza kuacha duka, Jastini ndiye aliyekusindikiza, mkiomba lifti kwenye malori ya kahawa. Mlirudi kila mtu na upande wake wa njia, hamsemeshani. Mimi na akili zangu hizi nikaamini hampatani. Nakumbuka nilimsema shemeji yangu siku moja mbele ya watu: "Mgeni amekukosea nini? Hata salamu unampa kwa kipimo!" Akainama akafunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

Tata akapata nguvu. Akakaa, akaanza kupukuchua maharage kwa ule mkono mzima, akaanza kulalamika kwamba chumvi yangu imezidi, nikajua amepona. Ile ilikuwa miaka mizuri ya nyumba ile. Nilikuwa nakaa mlangoni na majani yangu ya moto nasikiliza mnavyobishana, wewe na yeye, juu ya ndizi za wapi ni tamu na mvua ya wapi inakuja na upepo. Alikuita mgeni mpaka likawa jina. "Mgeni, leo umenisahau." "Mzee, nimekuacha ukalala." Nilikuwa nawaonea wivu kidogo. Ni mzee wangu, nami sikuwahi kubishana naye hata juu ya mvua.

Halafu kiharusi kikarudi. Upande uliokuwa mzima ukabaki na nguvu kidogo tu, na akarudi kulala moja kwa moja. Hapo alikuhitaji kuliko siku uliyofika.

Nakumbuka asubuhi yenyewe. Kulikuwa na ukungu, na nilikuwa nimesimama mlangoni na majani mikononi, nikisubiri unyooshe mkono uyachukue. Hukunyoosha.

"Weka beseni chini," nilimsikia Tata anasema.

"Maji yatapoa, mzee."

"Yapoe. Jastini anakutaka tangu lini?"

Nilishika nguzo ya mlango. 

"Nakuuliza wewe, maana yeye ataniongopea."

"Tangu ile siku tulipodanganya ofisini, mzee."

"Na wewe?"

"Na mimi."

"Miaka yote hii hamkusema."

"Tungesema," ukamjibu, bila uchungu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani, "nani angekuosha?"

Konsolata, nilikuwa mlangoni pale miaka yote hiyo. Nilijua sauti ya kila beseni la nyumba ile, na hilo sikulisikia. Mlikuwa mmekaa chini ya bati moja, mkila chungu kimoja, mkisafiri pamoja kwenda kuongeza kibali kinachosema wewe si mtu wa nyumba hii, na mkarudi kila mmoja na upande wake wa njia ili mzee asikose mikono. Nilitamani kuingia nikupigie magoti, na sikuweza hata kuingia.

Kisha nikasikia blanketi. Lilivutwa polepole, maana mkono wenyewe ulikuwa hauna nguvu, na lilikwama, na hukumsaidia kwa sababu ulikuwa umeelewa. Akalivuta tena mpaka likafika.

"Toka nje, mkamwana wangu," Tata akasema. "Kaniitie mume wako aje amwoshe baba yake."

Alijua anachokitoa. Alikuwa hawezi hata kujigeuza. Akaitoa ile mikono miwili iliyomweka hai, akawapa ninyi, akabaki amelala palepale akisubiri kuona kama wanawe watakuwa na ujasiri wa kuingia. Nimeona watu wakitoa ng'ombe, nimeona wakitoa mashamba. Sijaona tena mtu akitoa hivyo.

Ulitoka. Uso wako ulikuwa umelowa, na ulipovuka kizingiti ulisimama, ukaangalia nyuma mara moja, ukageuza macho kwenye kahawa kama nilivyokuwa nafanya mimi siku zote. Ukaja ukakaa sakafuni upande wangu. Jastini akaja. Tulimwambia. Akatazama shambani, nikadhani atakimbilia huko. Ukamkabidhi beseni.

Akaingia. Tukasikia amesimama tu.

"Mwambie kwanza," ukasema, ukiwa umeegemeza kichwa ukutani. "Usimguse kabla hujamwambia."

"Tata," Jastini akasema. "Tata, nakugusa bega."

"Maji uyajaribu kwa kiwiko, si kwa vidole. Haya. Sasa nyonga. Usimsukume, mvute kwako. Mpe nafasi avute pumzi."

Alimwosha. Alilia akimwosha, na Tata akawa anamwambia, "Haya mwanangu, haya, hujaniua." Jioni Feliksi alipofunga duka akaingia naye. Walikuwa wamejizuia miaka kwa hofu ambayo hakuna mtu aliyewahi kuitia maneno, na ilipofika saa ya kuivuka ilivukika kwa beseni moja la maji. Wewe hukuingia tena chumba kile. Padre akawafungisha ndoa, Katibu akafunga faili lako, na kila asubuhi tukakaa wawili ukutani, mimi napasha majani, wewe unasema na wao wanatenda.

Siku aliyokwenda ilikuwa vivyo hivyo, asubuhi, wanawe wote wawili wako ndani. Walikuwa bado wanamtangazia, sasa mgongo, sasa mkono, ulipoinua kidole ukasikiliza. Ulisikia kabla yao. "Jastini," ukasema kwa upole, "acha maji sasa. Mshikeni tu." Wakamshika.

Baada ya hapo nilikupata mimi. Tulilima pamoja, tukazaa tukapokezana watoto, tukagombana juu ya chungu changu ulichokipasua na ukakana mpaka mwisho. Sikuwahi kukwambia kwamba nakuheshimu kuliko mtu yeyote niliyewahi kula naye. Nilidhani unajua, na pia nina mdomo mwepesi wa mzaha, maneno kama hayo yananiwia mazito.

Mwaka jana ukalala wewe. Hospitali ilituambia tukurudishe nyumbani, tukakurudisha. Jastini alitaka kukuosha, ukamtazama, ukaona alivyokwisha kukonda, ukamwambia akapumzike. Nikaingia mimi na beseni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza katika maisha yangu kumwosha mgonjwa mtu mzima. Nikajaribu maji kwa kiwiko. Nikatandika majani yakiwa bado na joto. Nikasema, "Konsolata, sasa nakugusa bega."

Ulifumbua macho. Sauti ilikuwa imebaki ya kunong'ona. "Nani alikufundisha? Wewe hukuwahi kuingia."

"Nilikuwa mlangoni," nikakwambia.

Ukacheka mpaka kikohozi kikakushika, nami nikacheka huku machozi yanadondokea beseni. Ulipotulia nilianza kukugeuza, na nikaona uso wako unakunjamana.

"Hapo unakosea, mama," ukaninong'oneza. "Usinisukume. Nivute kwako."

Nikakuvuta kwangu.

Lala salama, Konsolata. Jastini anakusalimu, na watoto wote wanakusalimu, wangu na wako, maana hata sisi tumeacha kuwatenganisha.

Mkamwana mwenzako, wa nyumba moja na wewe,
Adventina, Mama Edda